Musa bin Maimun: Rabi, Tabibu na Mwanafalaki Aliyeishi Miongoni mwa Waislamu



Anayesoma historia ya utabibu na falsafa katika ulimwengu wa Kiislamu hakawii kukutana na jina la Musa bin Maimun. Vitabu vya Kiarabu humwita Abu Imran Musa bin Maimun al-Qurtubi. Wayahudi humwita Rambam, kifupisho cha Rabi Moshe ben Maimon. Wazungu wanamjua kwa jina la Maimonides. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, na wakati huohuo alikuwa tabibu wa watawala wa Kiislamu wa Misri na mjuzi wa hesabu za falaki.

Tumeona tumwandikie makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake ni sehemu ya historia yetu, kwani alisoma kwa Kiarabu, akategemea vitabu vya wanachuoni wa Kiislamu na akafa katika ardhi ya Waislamu. Pili, swali alilolijibu kwa maisha yake linawagusa vijana wetu leo: je, mtu anaweza kushika dini yake kikamilifu na huku akachukua elimu ya dunia kutoka kwa asiyekuwa wa dini yake? Hatuandiki kumtukuza, wala hatuandiki kumkashifu. Tutaeleza aliyoyafanya, kisha tutasema yapi yana faida kwetu na yapi hayatuhusu.

Kuzaliwa na kuhama

Alizaliwa Qurtuba (Cordoba), Andalusia, mwaka 1138 kwa hesabu inayotokana na maneno yake mwenyewe, ingawa vitabu vingi vya zamani vinataja 1135. Baba yake, Maimun bin Yusuf, alikuwa hakimu wa Mayahudi wa mji huo. Qurtuba ndio mji uliomzaa pia Ibn Rushd, mwaka 1126, na ingawa watu hawa wawili waliishi zama moja, Musa alikuja kuvijua vitabu vya Ibn Rushd akiwa mtu mzima, Misri.

Mwaka 1148 dola ya Muwahhidun iliiteka Qurtuba. Watawala hao waliiondoa hadhi ya dhimma ambayo sheria ya Kiislamu iliwapa Mayahudi na Wakristo, na wengi walijikuta kati ya kusilimu, kuhama au kuuawa. Familia ya Maimun ilitangatanga Andalusia kwa miaka mingi, kisha ikahamia Fas (Fez), Moroko, karibu na mwaka 1160. Mwaka 1165 walipanda jahazi wakaenda Akka, na kutoka hapo wakaingia Misri, wakapita Iskandaria na hatimaye wakakaa Fustat, mji mkongwe ulioungana na Kairo.

Katika kuhama huko hakuacha kalamu. Sharhe yake ya Mishna, yaani ya mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, aliianza akiwa kijana na kuimaliza mwaka 1168. Anaeleza mwishoni mwake kwamba sehemu nyingine aliziandika njiani, akiwa kwenye vituo vya safari na ndani ya merikebu.

Msiba wa baharini

Miaka ya mwanzo ya Misri, Musa hakuwa tabibu wa kuajiriwa. Alikuwa akisoma na kufundisha, na aliyemtunza ni ndugu yake mdogo, Daud, mfanyabiashara wa vito na bidhaa za Bara Hindi. Barua ya Daud aliyomwandikia kaka yake kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, ipo hadi leo. Anamweleza namna alivyovuka jangwa kwa shida, na kwamba alipofika hakukuta bidhaa za maana, basi ameamua kuendelea na safari ya Bahari ya Hindi. Anamwomba kaka yake asihuzunike na awatulize watu wa nyumbani.

Daud alizama katika bahari hiyo. Alikuwa na mali yake, mali ya Musa na mali ya watu wengine, na alimwacha mjane na binti mdogo. Sisi watu wa mwambao tunaijua bahari hii. Hakuna ukoo wa mabaharia usiokuwa na jina la aliyeondoka na msimu na asirudi. Katika barua aliyoandika miaka kadhaa baadaye, Musa anasema habari ile ilimlaza kitandani karibu mwaka mzima kwa maradhi na majonzi, na kwamba kila akiona mwandiko wa ndugu yake moyo unapinduka.

Msiba huo ulimlazimisha atafute riziki. Kulikuwa na njia nyepesi: jamii yake ingeweza kumlisha kwa sababu ya elimu yake. Yeye alilipinga jambo hilo kwa ukali. Katika vitabu vyake amewalaumu wanachuoni wanaoigeuza elimu ya dini kuwa jembe la kulimia, akitoa mfano wa wanachuoni wa kale waliokuwa wapasua kuni na wachota maji. Basi akaugeuza utabibu, ambao alikuwa ameusoma tangu ujanani, kuwa kazi yake.

Tabibu wa nyumba ya Ayyub

Salahuddin al-Ayyubi alikuwa waziri wa Misri mwaka 1169, na mwaka 1171 dola ya Fatimiyya ikamalizika mikononi mwake. Waziri na katibu wake mkubwa, al-Qadhi al-Fadhil, ndiye aliyemchukua Musa chini ya ulinzi wake na kumpangia mshahara. Baadaye alimtibu pia al-Malik al-Afdhal, mtoto wa Salahuddin. Katika miaka hiyohiyo alishika uongozi wa Mayahudi wa Misri, na kabla ya hapo alikuwa amesimamia mchango wa kuwakomboa mateka wa Kiyahudi waliochukuliwa na Wafaranja walipouteka mji wa Bilbays mwaka 1168.

Mwaka 1199 Samuel ibn Tibbon, mfasiri aliyekuwa kusini mwa Ufaransa, alitaka kwenda Misri kuonana naye. Musa akamjibu kwa kumweleza siku yake ilivyo. Yeye anakaa Fustat na mtawala anakaa Kairo, umbali wa takriban kilomita mbili. Kila asubuhi lazima aende kwa mtawala, na akiwapo mgonjwa kati ya watoto au wanawake wa nyumba ile, hutumia sehemu kubwa ya siku huko. Hata pasipokuwa na mgonjwa, harudi kabla ya adhuhuri. Akifika nyumbani ana njaa, na anakuta baraza imejaa watu, Mayahudi na wasiokuwa Mayahudi, wakubwa na wanyonge. Hushuka kwenye mnyama wake, akanawa mikono, akawaomba radhi wamngoje ale tonge chache, nacho ndicho chakula chake pekee kwa siku nzima. Kisha huwatibu hadi usiku, mara nyingine akiwa amelala chali kwa uchovu huku akiwaandikia dawa. Siku ya Sabato ndiyo siku ya jamii yake: huwaongoza na kuwasomesha.

Mtu aliyekuwa na ratiba ya namna hiyo ndiye aliyeandika vitabu tutakavyovitaja.

Kazi yake katika dini ya Kiyahudi

Kitabu chake kikubwa cha sheria ni Mishneh Torah, alichokiandika kwa Kiebrania kwa muda wa miaka kama kumi na kukikamilisha karibu na mwaka 1180. Kina juzuu 14. Kabla yake, Myahudi aliyetaka kujua hukumu ya jambo alilazimika kuzama katika bahari ya Talmudi na mijadala yake. Yeye alizikusanya hukumu zote, akazipanga kwa milango, na akaziandika kwa lugha nyepesi bila kutaja mabishano. Jambo hilo lilimletea sifa na lawama. Walioilaumu kazi yake walisema amewanyima watu dalili, na kwamba kila mtu sasa atamfuata yeye bila kujua hukumu imetoka wapi. Wasomaji wa fiqhi wataona kwamba mjadala huu si mgeni hata kwetu.

Inafaa ifahamike pia msimamo wake kuhusu Waislamu. Katika fatwa aliyomwandikia Obadiah, mtu aliyeingia dini ya Kiyahudi, aliulizwa kama Waislamu ni waabudu masanamu. Alijibu kwamba si hivyo hata kidogo, na kwamba wanampwekesha Mungu upweke ulio sahihi. Lakini hatutaficha upande wa pili: hakuukubali utume wa Muhammad (S.A.W), na katika risala yake kwa Mayahudi wa Yemen ya mwaka 1172, walipokuwa wakishurutishwa kubadili dini, ametumia maneno makali ambayo Muislamu hawezi kuyaridhia. Yeye alikuwa rabi, na aliandika kama rabi.

Kuchukua ukweli kwa yeyote anayeusema

Kanuni iliyomwongoza katika sayansi ameiandika katika utangulizi wa sura nane alizoziweka mbele ya sharhe yake ya Pirkei Avot, sehemu ya Mishna inayohusu maadili. Anasema kwamba aliyoyaandika humo hakuyabuni yeye. Ameyakusanya kutoka kwa wanachuoni wa Kiyahudi na kutoka kwa wanafalsafa, wa kale na wa zama zake, na kwamba ukweli huchukuliwa kwa yeyote anayeusema. Kisha anaongeza jambo la kuzingatia: hatawataja wenye maneno kwa majina, kwa sababu huenda msomaji akalisikia jina la mtu asiyemkubali, akadhani kuna shari ndani ya maneno yake, akayatupa.

Watafiti wamelinganisha maandishi na wamegundua mmoja wa wale ambao hakuwataja. Ni Abu Nasr al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu. Rabi aliyekuwa akisherehesha kitabu cha dini yake alichukua uchambuzi wa nafsi na tabia za binadamu kutoka kwa Muislamu, akauficha mkono wa mwenyewe ili wasomaji wake wasiukatae ukweli kwa chuki ya jina. Miaka mingi baadaye, katika barua kwa Ibn Tibbon, alimtaja waziwazi: katika mantiki, asome vitabu vya al-Farabi.

Katika falaki mambo ni hayohayo. Anasema katika kitabu chake cha falsafa kwamba alikutana na mtoto wa Jabir bin Aflah, mwanafalaki wa Ishbilia, na kwamba alisoma kwa mwanafunzi mmojawapo wa Ibn Bajja. Katika utabibu alikusanya maneno ya Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus, katika kitabu cha sura 25 kiitwacho Fusul Musa. Na katika sura ya mwisho amemkosoa Galen huyohuyo, akionyesha sehemu alizojipinga mwenyewe na sehemu alizoingilia mambo ya itikadi yasiyokuwa fani yake. Alichukua kwa wenye elimu, lakini hakuwafuata kwa kufumba macho.

Hesabu ya mwezi mwandamo

Mfano ulio wazi zaidi wa kuunganisha sheria na sayansi uko katika mlango wa Mishneh Torah unaohusu kuutangaza mwezi mpya. Katika zama za kale Mayahudi walianza mwezi kwa ushahidi: watu wawili wanafika mahakamani, wanasema wameuona mwezi, wanahojiwa, kisha mwezi unatangazwa. Baadaye walihamia kwenye kalenda ya hesabu wanayoitumia hadi leo.

Musa anaeleza hukumu ya ushahidi, kisha katika sura za 11 hadi 19 anaingia kwenye hesabu: mahali lilipo jua, mahali ulipo mwezi, umbali kati yao jioni ya siku ya 29, na kama hilali itaonekana au haitaonekana. Mwanzo wa hesabu yake ni usiku mmoja wa mwaka 1178. Kwa upeo wa Palestina, na mwezi ukiwa katika buruji za kuanzia Jadi hadi Jauza, anasema kwamba umbali ukiwa digrii 9 au pungufu haiwezekani kabisa mwezi kuonekana. Ukizidi digrii 15 utaonekana bila shaka. Na katikati ya hapo lazima hesabu iendelee kwa vipimo vingine. Wanahistoria wa sayansi wameonyesha kwamba vipimo vyake vinafuata kazi ya al-Battani, mwanafalaki aliyeishi katika dola ya Bani Abbas.

Hesabu hiyo aliipa kazi gani? Anasema mahakama ya kale iliitumia kuwapima mashahidi. Shahidi anaulizwa mwezi ulikuwa upande gani wa jua, pembe zake zilielekea wapi, na ulikuwa na urefu gani kutoka upeo wa macho. Jibu likikubaliana na hesabu, ushahidi unapokelewa. Likipingana nayo, huyo ameona wingu au amesema uongo.

Alijua kwamba msomaji wake angeuliza kwa nini rabi anachukua hesabu hizi kwa Wagiriki na wengineo. Akajibu kwamba vitabu vya wanachuoni wa Kiyahudi wa zama za manabii juu ya fani hii havikubaki, na kwamba jambo likishathibiti kwa dalili isiyo na shaka, haijalishi aliyelitunga ni nabii au ni mtu wa mataifa mengine, kwa kuwa kinachotegemewa ni dalili.

Kila Shaaban na kila Ramadhani, katika miji yetu ya Afrika Mashariki, hurudi mjadala wa kuandama kwa mwezi: wanaofuata mwezi wa kila nchi, wanaofuata mwezi ulioonekana popote, na wanaouliza nafasi ya hesabu. Hatuleti maneno ya rabi kuwa hoja katika ibada zetu, sisi tuna Hadithi za Mtume (S.A.W) na maneno ya mafaqihi, na mafaqihi wetu wamelijadili suala la hesabu kwa urefu. Tunachokiona hapa ni kwamba swali ni la zamani, na kwamba kuna aliyewahi kuweka ushahidi na hesabu pamoja bila kuvidharau vyote viwili.

Alipinga unajimu

Kwetu pwani neno falaki hutumika kwa mambo mawili: hesabu ya nyota, na kutazamia bahati za watu. Musa aliyatenganisha kabisa. Katikati ya miaka ya 1190 wanachuoni wa Kiyahudi wa kusini mwa Ufaransa walimwuliza kuhusu watu wanaodai kwamba nyota alizozaliwa nazo mtu humpangia utajiri, ufukara na kifo. Aliwajibu kwamba amesoma vitabu vya fani hiyo na ameona ni upuuzi usio na msingi wa elimu, na kwamba umewaharibia watu wengi dini na akili.

Aliwapa kipimo: mtu asikubali jambo ila kwa njia moja kati ya tatu. Liwe na dalili ya akili iliyo wazi, kama hesabu. Au lidirikiwe na hisia, kama jicho linavyoona rangi na ulimi unavyoonja utamu. Au lipokewe kutoka kwa manabii na watu wema. Mwenye akili, anasema, lazima apange imani zake katika mafungu haya, ajue hili amelikubali kwa njia gani na lile kwa njia gani. Anayekubali jambo lisilokuwa na mojawapo ya hizi ni yule aaminiye kila analoambiwa.

Afya, dawa na sheria

Katika Mishneh Torah ameweka sura nzima ya kulinda afya, kwa hoja kwamba mgonjwa hawezi kumjua Mungu na kumtumikia inavyotakiwa. Anausia mtu ale akiwa na njaa, asijaze tumbo bali aache robo, na atumie mwili wake kabla ya kula. Muislamu akisoma hapo atakumbuka Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu kuligawa tumbo kwa theluthi za chakula, kinywaji na pumzi.

Anasema vilevile kwamba mgonjwa aliye hatarini huvunjiwa Sabato, na kwamba wanaotakiwa kuifanya kazi hiyo ni watu wazima na wanachuoni wenyewe, ili watu wasione kuwa sheria imekuja kuwatesa.

Risala zake za tiba, zote kwa Kiarabu, ni pamoja na ya pumu yenye sura 13, ya kuhifadhi afya aliyoandikiwa al-Afdhal, na ya sumu aliyoagizwa na al-Qadhi al-Fadhil. Hii ya mwisho ilikusudiwa kumsaidia aliyeumwa na nyoka au nge kabla hajafikiwa na tabibu. Humo ameagiza jeraha linyonywe, jambo ambalo madaktari wa leo wanalikataza. Aliyeumwa na nyoka atulizwe na apelekwe hospitali haraka. Tunalitaja hili ili msomaji ajue kwamba tiba yake ilikuwa tiba ya karne ya 12.

Katika risala nyingine kwa mtawala wa Kiayyubi, ambaye wengi wanasema ni al-Afdhal, kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mtawala alikuwa na huzuni nzito, na Musa alitaja mvinyo na nyimbo miongoni mwa vinavyomfaa mwili wake. Kisha akatanguliza udhuru: anajua kwamba hayo ni haramu katika sheria ya Waislamu. Akasema kazi ya tabibu ni kueleza kinachofaa na kinachodhuru mwili. Sheria ndiyo inayoamuru na kukataza kwa maslahi ya mtu duniani na akhera. Na mgonjwa ana hiari ya kuchagua. Lau angenyamaza, anasema, angekuwa amemfanyia hiana.

Ama hukumu kwetu, Imam Muslim amepokea Hadithi ya Tariq bin Suwayd, ambamo Mtume (S.A.W) aliulizwa kuhusu pombe inayotengenezwa kwa ajili ya dawa, akabainisha kuwa hiyo ni maradhi na si dawa. Jamhuri ya wanachuoni wamechukua hapo katazo la kujitibu kwa pombe. Hata hivyo, adabu ya tabibu yule inafaa kuigwa: alisema ukweli wa fani yake, akautaja mpaka wake, na hakujifanya mufti wa dini isiyokuwa yake. Mgonjwa wa Kiislamu anayehudumiwa na daktari asiyekuwa Muislamu ana haki ya kuelezwa namna hiyo, na ana wajibu wa kuuliza.

Mwongozo wa Waliotatizika

Kitabu chake kilichozua mjadala mkubwa zaidi ni Dalalat al-Ha'irin, yaani Mwongozo wa Waliotatizika, alichokikamilisha karibu na mwaka 1190 kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Alimwandikia mwanafunzi wake, Yusuf bin Yahuda, na wote waliofanana naye: kijana mwenye dini, aliyesoma hesabu na mantiki, kisha akaona dhahiri ya baadhi ya maneno ya kitabu chake yanapingana na alichokijifunza. Kijana huyo anahofia mambo mawili: akiifuata akili atakuwa ameitupa dini, na akiifunga akili atabaki na mashaka yanayomtafuna.

Musa hakumwambia aache kimoja. Kuhusu sifa za Mungu, alisema maneno yanayoonekana kumfananisha na viumbe hayachukuliwi kwa dhahiri yake. Kuhusu kuumbwa ulimwengu, alisema hoja za Aristotle kwamba ulimwengu hauna mwanzo hazifikii daraja ya dalili ya kukata, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha habari ya uumbaji. Na kuhusu maneno ya wanachuoni wa Talmudi juu ya nyota na sayari, alikiri kwamba waliyoyasema humo hawakuyapokea kwa manabii, bali yalikuwa elimu ya zama zao. Alikiri pia mipaka ya sayansi yenyewe: mizunguko aliyoiweka Ptolemy ilikubaliana na hesabu lakini ilipingana na kanuni za maumbile za Aristotle, na hilo akaliita tatizo la kweli asilokuwa na jawabu lake.

Wanachuoni wa kilatini walikisoma kitabu hicho, na Thomas Aquinas amemtaja kwa jina la Rabi Musa. Lakini ndani ya jamii yake mwenyewe kilipigwa vita. Mwaka 1232 marabi wa kaskazini mwa Ufaransa walikipiga marufuku, na katika miaka hiyo nakala zake zilichomwa moto.

Waislamu walivyomwandika

Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa tabaka za matabibu, amemtaja kwa heshima, na anasema alimwona mtoto wake, Ibrahim, akitibu wagonjwa katika bimaristani ya Kairo. Abu Abdallah al-Tabrizi, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 13, aliandika sharhe ya misingi 25 ya kifalsafa iliyomo katika juzuu ya pili ya Dalalat al-Ha'irin. Kwa upande mwingine, Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekutana naye Kairo, alimwona ni mtu mwenye fadhila kubwa lakini aliyetawaliwa na kupenda uongozi na kuwahudumia wakubwa, na akakihukumu kitabu chake cha falsafa kuwa kinaharibu misingi ya sheria.

Ibn al-Qifti naye ameeleza kisa kinachotakiwa kukumbukwa. Anasema Musa alidhihirisha Uislamu kwa kulazimishwa huko Magharibi, na alipokuwa Misri faqihi mmoja wa Andalusia, Abu al-Arab bin Ma'isha, alimshitaki kuwa ameritadi. Al-Qadhi al-Fadhil alimwokoa kwa kusema kwamba Uislamu wa aliyelazimishwa hausihi kisheria. Wanahistoria wa leo wanahitilafiana juu ya kusilimu huko. Ama hoja iliyotolewa, msingi wake ni aya ya 256 ya Suratul-Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Waziri wa Kiislamu aliitumia kumlinda rabi.

Musa alifariki Fustat tarehe 13 Desemba 1204, sawa na mwaka 601 Hijria. Kwa mapokeo ya Mayahudi kaburi lake liko Tabaria.

Yapi yana faida kwetu

Tunasema, na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu:

Itikadi na ibada Muislamu hazichukui kwa Musa bin Maimun wala kwa mwingine asiyekuwa katika dini yetu. Hilo halina mjadala.

Elimu ya dunia iliyothibiti kwa dalili haina dini ya aliyeigundua. Mtume (S.A.W) katika Hijra alimwajiri Abdallah bin Urayqit, mshirikina, amwongoze njia kwa sababu ya ujuzi na uaminifu wake. Na alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi. Msemo mashuhuri kwamba hekima ni kitu kilichompotea muumini umepokewa na Tirmidhi kwa isnadi dhaifu, lakini matendo haya mawili yanatosha.

Kijana wa Kiislamu anayesoma udaktari, uhandisi au fizikia asidhani kwamba ametoka nje ya njia ya dini, na sheikh anayemfundisha asimfukuze akija na swali gumu. Musa alimwandikia mwanafunzi wake kitabu kizima badala ya kumkemea. Sisi tuna Kitabu kilicho bora zaidi na urithi mpana zaidi wa kumjibu kijana wetu, na kumnyamazisha hakumwondolei shaka yake.

Mwisho, tujiulize wenyewe. Rabi yule alilificha jina la al-Farabi kwa kuwahofia wasomaji wake. Je, sisi tukipewa ukweli wenye jina la mtu tusiyempenda, tutautazama ukweli au tutalitazama jina?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.